Nimekataliwa na kampuni tatu, na babangu bado anasubiri tarehe ya mimi kuanza kazi

Shangazi, assalamu alaikum na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Langoni hapa Lamu. Mwaka jana nilimaliza shahada ya uchumi na takwimu Nairobi, nikapata daraja la kwanza. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Babangu ni fundi wa mashua, mtu wa maneno machache, lakini jambo hili limemfungua mdomo. Akikaa barazani baada ya alasiri, kila apitaye huambiwa kwamba binti yake anakwenda kuwa mshauri wa makampuni makubwa Nairobi. Kazi yenyewe haielewi vizuri, nami sijapata kumweleza ikaeleweka. Anajua tu kwamba ni kubwa.

Tangu mwaka wa tatu chuoni nilikuwa na lengo hilo moja: kuingia katika mojawapo ya zile kampuni za kimataifa za ushauri wa biashara zenye ofisi Nairobi. Tulikuwa wanafunzi wanne, tukikutana kila Jumamosi kwa miezi 11 kufanya mazoezi ya usaili wao. Pengine hujui unavyokwenda. Hawakuulizi sana umesoma nini. Wanakupa tatizo: kiwanda cha saruji kimeshuka faida miaka miwili mfululizo, tafuta sababu. Au wanakuuliza Nairobi huuzwa mikate mingapi kwa siku, nawe ukadirie kwa kichwa, bila kikokotoo, huku ukieleza kila hatua kwa sauti. Nilipenda mambo hayo, Shangazi. Nilikuwa nikipita barabarani nahesabu vinyozi.

Niliomba kampuni tatu. Ya kwanza iliniacha kwenye mtihani wa kompyuta, ya pili kwenye duru ya kwanza ya usaili. Ya tatu nilifika hadi mwisho, nikaketi mbele ya wabia wawili wa kampuni. Katika hesabu ya mwisho niliangusha sifuri, nikasema milioni 40 mahali pa milioni 400. Yule mama aliyekuwa akinisaili aliweka kalamu chini, akanitazama, akangoja. Leo najua alikuwa akinipa nafasi nijirekebishe. Wakati ule nilidhani ameridhika, nikaendelea mbele.

Barua pepe yao ilinifikia nikiwa kwenye boti kutoka Mokowe, narudi nyumbani kwa Idi. "Tunasikitika kukuarifu." Mbele yangu palikuwa na mzee amepakata kuku wawili, miguu yao imefungwa kwa kitambaa chekundu, na mpaka leo nakikumbuka kile kitambaa kuliko maneno ya ile barua, maana ndicho nilichokitazama mpaka tukafika gatini. Baadaye nilipopiga simu kuuliza sababu, niliambiwa kwa upole kwamba uchambuzi wangu ni mzuri lakini nachelewa kutoa jawabu. Naeleza mno kabla ya kusema ninachoamini.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Mamangu nilimwambia usiku uleule. Baba nilimwambia "bado wanapanga tarehe", na neno hilo nimelirudia mara tatu.

Kwa kuwa sina kazi, ami yangu aliniomba nimsaidie hesabu. Yeye hununua samaki kwa wavuvi akawapeleka Mombasa, na kila mzigo kuna samaki ambao wanunuzi huwashusha daraja, naye hajui hasara inatokea wapi. Nikachukua daftari nikaanza kupima: samaki kabla ya kupakiwa, barafu kabla ya kupakiwa, saa ya kutoka gatini, saa ya kufika. Kumbe barafu ilikuwa ikimwagwa juu ya samaki tu, na masanduku mengine hayana matundu, kwa hiyo samaki wa chini hulala ndani ya maji yaliyoyeyuka. Tena masanduku hukaa juani karibu saa nzima yakingoja boti ijae. Tukatoboa masanduku, tukaanza kupanga tabaka la barafu na tabaka la samaki, tukatundika turubai kuweka kivuli. Katika mzigo wa kilo 120, kilo 22 hivi zilikuwa zikishushwa daraja. Sasa ni 9. Nataka kujua hizo 9 zinatoka wapi. Lakini hiyo si kazi, ni kumsaidia ami tu.

Sasa nina njia tatu. Ofisi ndogo ya ushauri Nairobi imenipa mkataba wa miezi 6 kwa KSh 30,000 kwa mwezi, nao wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Ami anasema nibaki, atanipa fungu katika biashara. Rafiki yangu ananihimiza niombe ufadhili nikasome uzamili Uingereza, halafu nizirudie kampuni zile nikiwa na uzito zaidi. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali iliyonikopesha karo, nao unakaribia kuanza kudaiwa.

Juzi ami aliniambia, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Alisema kwa mapenzi, lakini nilikwenda chumbani nikalia. Shangazi, ndiyo nimeshindwa, nimerudi ngamani, chini kabisa ya chombo? Nijaribu tena mwakani, au nikubali kwamba mimi si wa kiwango chao?

Asiyetaka jina,
Lamu

Jibu la Shangazi

Waalaikum salaam, mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikipiga mstari chini ya kila mahali uliponishika moyo. Umekataliwa mara tatu. Ofisi ndogo inataka jibu, ami anakuita, rafiki anakusukuma Uingereza, deni liko mlangoni, na juu ya yote hayo kuna mzee barazani anayengoja tarehe ambayo haipo. Nionavyo mimi, hapa kuna mambo mawili yaliyofungwa katika furushi moja. Moja ni ufanye kazi gani. La pili ni umwambie babako nini. Hili la pili umelitaja kwa mistari miwili tu, nami nadhani ndilo linalokunyima usingizi, na ndilo linalofanya hilo la kwanza lionekane kama hukumu ya maisha. Nitalirudia.

Kwanza hayo maneno "si wa kiwango chao". Kampuni hizi hupata maombi mengi kwa nafasi chache sana, kwa hiyo huweka chujio juu ya chujio, na kila chujio lina matundu ya namna yake. Usaili ule hupima mtu anavyofikiri kwa mpango, kwa sauti, mbele ya asiyemjua, kwa dakika zisizofika hata saa moja. Ni ujuzi wa kweli, siudharau. Wala sitakudanganya kuhusu sifuri ile: uliiangusha, na mteja anayelipa pesa nyingi apewe ushauri ana haki ya kutaka sifuri zote ziwepo. Lakini chujio lile halina njia ya kumpima mtu anayekaa na daftari wiki baada ya wiki mpaka hasara ijitokeze yenyewe. Hilo hawakukuuliza, basi hawakukukatalia hilo.

Kuna neno walilokujibu kwenye simu ambalo wewe umelipita haraka, nami nimekaa nalo sana: kwamba unachelewa kutoa jawabu. Mwanangu, wewe umelelewa Lamu. Sisi hatuingii nyumba ya mtu tukataja haja yetu mlangoni. Tunatoa salamu, tunauliza hali, tunauliza wa nyumbani wameamkaje, tunakaa dakani, ndipo neno linakuja. Mbele ya wakubwa mtoto hatangulizi rai yake. Huizungusha kwa adabu asije akaonekana mjuaji. Katika ofisi zile ni kinyume. Jawabu hutangulia, sababu zikafuata, kwa kuwa mkubwa anayesikiliza huenda akaitwa nje wakati wowote, na akitoka atoke na jawabu. Uliingia kule ukiwa na adabu ya kwenu, nao wakaisoma kama kusitasita. Akili yako haina kosa hapo. Hizo ni lugha mbili, na lugha hufundishika. Ulijifunza Kiingereza bila kuacha Kiamu chako.

Sasa nikuulize swali, nawe utalijibu ukiwa peke yako. Ulipokuwa ukiitaka kazi ile, ulitaka nini hasa? Kuna jina la kampuni, lile linalomfanya babako azuie wapita njia. Kuna pesa, na kutaka pesa si aibu kwa mtoto wa fundi mwenye mkopo wa chuo. Na kuna kazi yenyewe, yaani kukaa na jambo lililofungamana ukalifungua nyuzi moja moja. Huenda ulivitaka vyote vitatu, lakini havina uzito sawa. Jipime hivi: lau wangekupa kazi ile kwa sharti kwamba hutamtajia mtu yeyote jina la kampuni maisha yako yote, ungeitaka bado? Na lau wangekupa jina bila yale mafumbo, wakuweke kupanga makaratasi, ungekaa?

Nauliza kwa sababu kuna mahali kalamu yako ilibadilika. Kuhusu kampuni umeandika kwa uchungu. Ulipofika kwenye barafu, uchungu ukatoka. Ukaniambia matundu ya masanduku, turubai, kilo 22, kilo 9, na ukasema unataka kujua hizo 9 zinatoka wapi. Halafu, kama mtu aliyejikuta anacheka matangani, ukajikatiza: "Lakini hiyo si kazi." Nani alikwambia si kazi? Kiwanda cha saruji cha Jumamosi hukupata kukiona kwa macho. Hiki cha ami ni hasara ya kweli, na uliipunguza kwa zaidi ya nusu kwa daftari na msumari.

Lakini tafadhali usinisome haraka ukadhani nakwambia ubaki kwenye samaki. Kupenda jambo kwa wiki chache si sawa na kulipenda kwa miaka mitano. Masanduku yakishatobolewa yote, kitabaki nini cha kufungua? Kusi ikishika, bahari ikachafuka na mashua zikafungwa, mapato ya ami hushuka kiasi gani, na fungu lako litakuwa la nini? Hilo "fungu" ni ngapi katika mia, na litaandikwa wapi? Usiogope kuuliza, kuandikiana katika biashara ni mafundisho ya dini yetu, si kutoaminiana. Na kuna jambo zito zaidi. Siku daftari likionyesha kwamba kilo 9 zile zinapotea kwa sababu ya ami mwenyewe, labda hununua kwa rafiki yake samaki waliokwisha kulala, utaweza kumwambia? Mshauri mgeni husema akapanda ndege. Wewe Ijumaa utakula pilau nyumbani kwake.

Ile ofisi ndogo ya Nairobi nayo usiidharau kwa udogo wake, wala usiikimbilie kwa sababu ni Nairobi. Chukua daftari lilelile uandike KSh 30,000 juu ya ukurasa, kisha utoe kodi ya chumba, nauli, chakula, simu, na kile utakachomtumia mama, maana utataka kumtumia. Tazama kinachobaki. Halafu waulize kabla ya kutia sahihi: ni nani atakayekaa nami na kunisahihisha kazi? Nitakutana na wateja au nitachora picha za kuonyesha ukutani tu? Waliokuwa na mkataba kama huu kabla yangu wako wapi leo? Kama kuna mtu pale atakayekufundisha ile lugha ya jawabu kwanza, miezi 6 hiyo ina thamani isiyoandikwa kwenye mshahara. Kama hayupo, utakuwa umelipa kwa ujana wako kukaa mjini.

Umesema ujaribu tena mwakani. Kampuni nyingi za aina hiyo humtaka aliyekataliwa angoje kabla ya kuomba upya, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, na akirudi hutazama amefanya nini tangu siku ile. Soma tena zile barua pepe, au uwaandikie kuuliza, kabla hujajifunga na tarehe. Tena mlango wa wanaotoka chuoni si mlango pekee. Wapo wanaoingia baada ya miaka kadhaa ya kazi nyingine, wakichukuliwa kwa sababu wanaijua biashara fulani kwa ndani. Sisemi utaingia. Nasema kungoja huko si lazima kuwe kukaa bure, na pengine ukifika wakati wenyewe utakuta huutaki tena ule mlango, nalo si kosa.

Kuhusu Uingereza, rafiki yako ana nia njema lakini amepita hatua. Ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza ambao Wakenya wengi huuomba, unataka mwombaji awe na angalau miaka 2 ya kazi, yaani saa 2,800, na baada ya masomo urudi nyumbani kwa miaka 2. Kwa leo hujafika hapo. Lakini kazi ya kujitolea na ya mafunzo huhesabiwa pia, kwa hiyo kuanzia sasa andika tarehe na saa zako zote za barafu, na umwombe ami akuwekee sahihi. Ufadhili mwingine una masharti yake, yasome mmoja mmoja. Kwenda kwa kukopa ni jambo jingine, na kwa mtu ambaye HELB bado inamngoja ningependa ulifikirie mara nyingi. Pia ujiulize kwa ukweli kama unataka kusoma, au unataka mahali pa kujificha mwaka mmoja ambapo hakuna atakayekuuliza unafanya kazi wapi.

HELB yenyewe isikutishe, ila isikukute umelala. Malipo hutarajiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya KSh 5,000 kwa mwezi. Waandikie wewe kabla hawajakuandikia, uwaeleze hali yako na uombe kulipa kidogo kidogo.

Nami nakuomba uondoe katika kichwa chako wazo kwamba hesabu zina kazi Nairobi tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya KSh 1.76 bilioni kwa ajili ya ujenzi wa bandari. Fikiria kilichohitajika mpaka jambo lile lisemwe kwa tarakimu: wavuvi ni wangapi, wanavua wapi, wanapoteza nini. Gati la kwanza la bandari ile lilifunguliwa mwaka 2021, na maswali ya namna hiyo hayajaisha hapa kwetu. Wanaoyajibu wasiwe wote wageni waliolala hotelini siku mbili. Hili halikufungi kubaki. Mtu anaweza kuifaa Lamu akiwa Nairobi, na wapo walioko Lamu wasioifaa. Nataka tu usiihesabu Lamu kama mahali pa walioanguka.

Sasa babako. Usipomwambia, kila njia uliyonayo itaharibika kidogo. Ukienda Nairobi bila kumweleza, atatangaza barazani kwamba tarehe imefika, nawe utapanda basi ukiwa umebeba uongo unaozidi kukua safarini. Ukibaki kwa ami, atafikiri unapitisha muda tu, na furaha yako ya kilo 9 utaificha kama kosa. Kumwambia nako kuna gharama yake. Huenda akanyamaza siku kadhaa. Huenda akaona haya mbele ya wenzake, nawe ukamwona akipita njia ya nyuma, na hilo litakuuma kuliko barua pepe yoyote. Wewe ndiye unayemjua. Wengine wangemtuma mama atangulie kumlainisha, na mama tayari anajua. Wengine wangekwenda wenyewe alfajiri kule anakotengenezea mashua, kabla watu hawajajaa, mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa kwenye mbao. Barazani sikushauri.

Ukikosa pa kuanzia, anzia na ngama. Ami alikupa methali kwa mapenzi, wewe ukaisikia kama hukumu. Muulize babako, yeye anayezitengeneza: ngama ni ya nini? Nadhani atakwambia kwamba ndipo maji yote yaliyoingia chomboni yanapokusanyika, na baharia hushuka huko ayaone yamefika wapi, ayateke na kuyamwaga nje, kisha apande juu kwenye kazi yake. Asiyeshuka ngamani hajui chombo chake kinavuja kiasi gani. Halafu mwambie ni maji kiasi gani yameingia kwako tangu siku ile ya boti la Mokowe. Yeye ni fundi, mwanangu. Amekwisha kuona ubao mzuri ukipasuka kwenye msumari wa mwisho, na sidhani alitupa mashua nzima.

Mwisho wa mwezi bado haujafika, na jibu la ile ofisi unaweza kuliomba siku chache zaidi. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu. Niandikie ukishazungumza naye, hata kama mazungumzo yamekwenda vibaya. Na ukishajua zile kilo 9 zinatoka wapi, niambie pia.

Shangazi yako